Neno Nyuma ya Picha

Walikutana wakigombania mlango. Ilikuwa msimu wa kujiandaa kwa maonyesho chuoni, na mtaa ule wa fotokopi, mihuri na fremu za picha ulikuwa umefurika wanafunzi kama kwenye kugawiwa vitu vya bure. Msichana aliingia duka la fremu ubavuubavu, karatasi ndefu iliyoviringishwa ameikumbatia kifuani, akamkanyaga mtu aliyekuwa anatoka na kioo.

"Dada, ukinikanyaga nikiwa na kioo tutazikwa siku moja," mtu yule akasema bila kuinua sauti.

"Samahani, kaka. Namtafuta fundi."

"Umeshamkanyaga."

Alikuwa kijana mrefu, aproni ya turubai hadi magotini, penseli sikioni, na vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi hadi utadhani amezeeka nyusi peke yake. Alikiegemeza kioo ukutani, akarudi ndani, akajipangusa mikono. Ndipo akamtazama vizuri. Msichana alivaa gauni la kijani lenye kola nyeupe, mikono imeishia kwenye kiwiko, limemkaa sawasawa kila mahali. Nguo kama ile huipati dukani. Fundi alikuwa mtu wa vipimo, akaliona hilo papo hapo.

Karatasi ikafunguliwa mezani. Ilikuwa nakala ya mchoro wa kale: mzee ameketi gizani, mwanga umemwangukia bega moja na nusu ya shavu, na mezani mbele yake kuna fuvu la mtu na mshumaa uliozimika.

"Huyu mzee alikatiwa umeme?" Fundi akauliza.

"Hiyo ni Baroko."

"Baroko ndiyo kampuni yenyewe?"

Msichana alicheka hadi foleni ikageuka. Kisha akaeleza, kwa haraka kama mtu aliyezoea kukatizwa, kwamba anasoma Kihispania, lugha na fasihi yake, pamoja na uchoraji wa Uhispania wa miaka mia nne iliyopita, ambao ndio unaitwa Baroko. Wachoraji wa wakati ule, alisema, waliweka giza makusudi, ili kile kidogo kinachomulikwa usiweze kukiacha.

Fundi aliuinamia mchoro, akaufuata mwanga kwa kidole.

"Basi tusimpe fremu ya dhahabu. Itapiga kelele kumshinda mwenyewe. Huyu anataka mbao nyeusi, pana, isiyong'aa."

"Wenzangu wote wanaweka dhahabu."

"Ile unaita dhahabu?" Akaishusha fremu moja inayometameta, akaigeuza. Nyuma yake ilikuwa mbao hafifu yenye vidonda vya mafundo, chaki ya kuzibia mashimo imemwagika, rangi imeishia njiani. "Mimi kitu naanza kukiangalia mgongo. Njoo Jumatano, Mhispania."

Jina likamganda.

Jumatano alikuja, na Alhamisi alikuja tena bila karatasi yoyote. Mwezi haujaisha wakawa wanapigiana simu kila mchana, yeye akiwa amejibanza kwenye ngazi za maktaba, Fundi akiwa na msumeno mkononi.

"Hola, cielo."

"Umeniita nani tena leo?"

"Cielo. Maana yake mbingu."

"Mbingu nzima? Na mvua ikinyesha nguo za watu zikalowa, watakuja kunidai mimi."

"Waje. Nitawaambia mbingu hii ina mwenyewe."

"Polepole, mama. Mimi ni mtu wa shule ya msingi tu. Nipe neno moja kwa siku, huenda nikakufikia uzeeni."

Alisema hivyo kila mara, kwa mzaha, na kila mara Mhispania alicheka. Hakujiuliza kwa nini mzaha ule ule hauchuji.

Sasa kuna jambo moja la kulielewa kuhusu Kihispania chake. Hakukipata barabarani wala sokoni. Alikitoa kwenye vitabu vya watu waliokufa kabla babu wa babu yake hajazaliwa, tamthilia, mahubiri, mashairi ya waungwana wenye mapanga. Humo ndimo alimokutana na neno *desengaño*. Mwalimu aliliandika ubaoni, akalikata vipande viwili. *Engaño* ni udanganyifu. *Des* ni kuondoa. Mtu aliyepata *desengaño*, mwalimu akasema, ni mtu aliyevuliwa kitambaa machoni. Kwa watu wa zama zile hakukuwa na zawadi kubwa zaidi ya hiyo. Ndiyo maana walichora mafuvu na mishumaa. Mhispania alilinakili neno lile, akalipigia mistari miwili chini. Na kwa kuwa alilipenda, hakulitafuta tena popote.

Mama yake alikuwa mshonaji. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa cherehani, meza, kioo kirefu chenye ufa, na vipande vya vitambaa hadi chini ya makochi. Mama mwenyewe alitembea na futi ya kupimia shingoni hata siku ya mapumziko, na vidole vyake vilikuwa na alama ndogondogo za sindano. Kwa cherehani ile alimsomesha binti yake tangu darasa la kwanza. Jumapili moja Fundi alikwenda kuitengeneza meza iliyokuwa inayumba mguu, akapewa chai, akakaa akimtazama mama akifumua kola nyeupe ya lile gauni la kijani na kuishona upya mara tatu.

"Inatosha sasa, mama, imenyooka," Fundi akamwambia.

"Haijanyooka. Itaingia mbele ya wasomi hii."

Siku ya maonyesho, Fundi alikuja ukumbini na pimamaji yake kuhakikisha fremu haijalala upande. Alikuwa juu ya ngazi, mgongo kwa watu, aliposikia rafiki mmoja wa Mhispania akilishika gauni.

"Shoga, hili umelipata wapi? Nitaje duka nikafilisike."

"Hulipati hapa," Mhispania akajibu. "Mama yangu ni mbunifu wa mitindo. Anasafiri sana nje, ndiko anakoniletea."

Fundi alimaliza kupima. Akashuka ngazi, akaikunja, akaaga kwa adabu. Mhispania alimsindikiza hadi getini.

"Yule mama aliyenipa chai Jumapili," Fundi akasema, "ni nani yako?"

Mhispania akaishika kola yake.

"Maana nilimwona akishona hiyo kola. Sasa nashangaa huwa anasafiri kwenda nchi gani. Mtaa wa pili kununua nyuzi?"

"Fundi, tafadhali."

"Sikugombezi. Nauliza tu, ukimficha yule, mimi utaniweka wapi?"

Mhispania alirudi nyumbani, akaketi kwenye kiti cha wateja, akamtazama mama yake akitia uzi kwenye sindano, uzi unakosa tundu, anaulowesha kwa ulimi, unakosa tena. Aliumia kana kwamba ameona kitu hicho kwa mara ya kwanza, na kweli alikuwa hajawahi kukiona.

Kesho yake alimshika mama mkono, akamwingiza ukumbini mchana kweupe. Mama aliogopa sakafu inayong'aa, akaficha vidole ndani ya mtandio.

"Huyu ni mama yangu," Mhispania akawaambia wenzake. "Ni mshonaji. Gauni lile alilishona yeye, na jana niliwadanganya."

Aliyetarajia kicheko hakukisikia. Yule shoga wa jana alimwamkia mama, akauliza kama anapokea kazi. Mama akatoa futi shingoni, akampima hapohapo, mbele ya picha ya mzee na fuvu lake. Kwenye kona ya ukumbi Mhispania alilia kimyakimya. Alilijua jina la kitu kilichompata. Alikuwa amelipigia mistari miwili.

Ufadhili ulikuja miezi mitatu baadaye. Miaka miwili Uhispania, kusoma fasihi na michoro palepale ilipozaliwa. Alikwenda kumwambia Fundi mchana, akamkuta anafagia vipande vya kioo. Fundi alifagia hadi kipande cha mwisho ndipo akasimama.

"Sitakuzuia. Nikikuzuia utanichukia, na utakuwa na haki. Nataka kitu kimoja tu kwako. Nikungoje au nisikungoje?"

"Fundi..."

"Usinijibu sasa hivi, umeshtuka. Nijibu kabla hujapanda ndege. Kwa njia yoyote unayotaka, ila nijibu. Nikikungoja nataka kungoja nikijua."

Hapo ndipo mtoto wa watu alipojikwaa. Neno lilikuwepo, fupi, hata mtoto wa miaka minne analo. Nakupenda, ningoje. Alilizungusha mdomoni siku mbili, akaliona limechakaa, limevaliwa na kila mtu. Alitaka kumpa Fundi neno ambalo halijawahi kupewa mwanamume yeyote mtaani mwao. Akaichukua ile nakala ya picha ya mzee, akaitoa kwenye fremu, akaigeuza, akaandika mgongoni kwa wino mweusi na mwandiko wake bora: *Tú eres mi desengaño.*

Wewe ndiye uliyenifumbua macho. Ndivyo alivyomaanisha.

Mama alimkuta akiipuliza wino ukauke.

"Umemwandikia jibu?"

"Nimemwandikia."

"Mbona siwezi kulisoma?"

"Ni Kihispania, mama."

"Yeye anakijua?"

"Atatafuta. Au ataniuliza, nimweleze."

"Na asipouliza?" Mama aliweka mkasi chini. "Mwanangu, mwandikie kitu ambacho hata mimi naweza kukisoma."

"Kwa lugha yetu ni la kawaida mno."

"La kawaida ndilo watu wanalooana nalo."

Binti alicheka, akambusu mama shavuni, akaiviringisha karatasi. Aliipeleka dukani, akamkabidhi Fundi mbele ya wateja watatu, akamwambia jibu liko mgongoni, akakimbia kwa aibu. Kama angekaa dakika tano tu. Dakika tano alizikosa, na zilimgharimu.

Jioni simu ikalia.

"Nimesoma," Fundi akasema.

"Umesoma? Umelielewa?"

"Nimelitafuta kwenye simu. Nimelielewa."

Mhispania akatabasamu. "Basi hilo ndilo jibu langu, Fundi. Sijawahi kumwambia mtu mwingine."

Alisikia pumzi yake, na nyuma yake mlango wa bati wa duka ukiteremshwa.

"Una hakika nalo?" Fundi akauliza.

"Nina hakika kabisa. Nilijua tangu siku ile ya maonyesho, getini."

"Tangu getini."

"Tangu getini."

"Sawa," Fundi akasema taratibu. "Asante kwa kuniambia ukweli. Safiri salama, Mhispania."

Aliona ni sauti ya mtu aliyezidiwa na furaha. Mwanamume akizidiwa hukosa maneno, alijiambia, na akalala usingizi mzuri. Uwanja wa ndege Fundi hakufika. Mhispania akajiambia labda ana kazi. Alipofika ng'ambo alipiga simu, haikupokelewa. Alipiga wiki nzima. Mwezi wa pili namba ikawa haipatikani, na Mhispania, ambaye naye alikuwa na kichwa chake, akasema kumbe. Kumbe nilimpa moyo wangu wote, akaushika, akauweka chini. Mama akiuliza kwenye simu, binti anasema ana mitihani. Mama alitaka kwenda dukani kumuuliza kijana kulikoni. "Usiende kunidhalilisha," binti akamkataza, na mama akatii, jambo analojutia hadi leo.

Alisoma. Aliona kwa macho yake michoro aliyoijua kwa nakala, mikubwa kuliko milango, giza lake zito hadi unatamani kuligusa. Alikodi chumba kwa bibi mjane mwenye ndevu mbili kidevuni, aliyekuwa akimcheka kila siku.

"Binti, unaongea kama jiwe la kaburi," bibi alimwambia. "Nani alikufundisha kusema hivyo? Hata nyanya yangu hakusema hivyo."

Mwezi wa kumi tangu afike, siku ya joto, bibi alirudi sokoni na tikiti kubwa, amelibeba kama mtoto. Alilisifu njia nzima, alisema, na muuzaji alilipigapiga likalia vizuri. Akalilaza mezani, akalipasua. Ndani lilikuwa jeupe kama boga. Bibi akaonja, akatema.

"*Vaya desengaño*," akasema.

Mhispania aliacha kuosha vikombe.

"Umesemaje, bibi?"

"Nimesema tikiti limenivunja moyo. Nilitegemea sukari, nimepata maji."

"Lakini neno hilo maana yake ni kufumbuliwa macho. Kuondolewa udanganyifu."

"Kwenye vitabu vyako huenda." Bibi alikuwa anakwangua mbegu kuzitia kwenye sahani. "Sisi tulio hai tunalisema kwa tikiti bovu na mume bovu. Kitu ulichokitegemea, halafu ukakiona kilivyo hasa, ukajuta."

Maji yalikuwa bado yanatiririka. Mhispania alisikia upya, neno kwa neno, simu ile ya jioni. Una hakika nalo? Nina hakika kabisa. Tangu getini, siku aliponiuliza utaniweka wapi. Alikuwa amemwambia mtu anayeionea haya elimu yake ndogo kwamba wewe ni tikiti langu bovu, na kila alipoulizwa mara ya pili alipigilia msumari.

Alimpigia mama, vidole vinateleza kwenye simu.

"Mama, nenda dukani kwa Fundi. Nenda sasa hivi. Mwambie nilikosea neno. Mwambie sikumaanisha hivyo."

Kiti kilisikika kikivutwa. Mtu anayemfahamu angejua kwamba ameketi.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia. Mwanangu, Fundi ameoa. Jumamosi iliyopita."

Cherehani haikuwa inalia. Hakuna kilichokuwa kinalia.

"Nguo ya bibi harusi nimeishona mimi," mama akasema. "Msichana alikuja kama mteja yeyote, mpole, hana makuu. Sikujua anaolewa na nani hadi siku ya kuchukua nguo, nikamwona Fundi mlangoni. Nikamvuta pembeni. Nikamwambia, baba, kulikoni na mwenzio? Akaniambia, mama, binti yako alinijibu ukweli, simlaumu. Nami nikafikiri ni kweli ulimkataa. Wewe ulikuwa hunielezi kitu."

"Ungeniambia alikuwa anaoa."

"Ulisema nisikudhalilishe."

Wakashikilia simu wote wawili, hakuna aliyekata.

Miaka miwili ilipotimia alirudi, amekonda, Kihispania chake sasa ni cha watu walio hai. Alikaa nyumbani siku nne. Siku ya tano akavaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe aliyoshonewa na mama, akajitazama kwenye kioo chenye ufa, akatoka. Alijua anachokwenda kufanya. Alikuwa ameyapanga maneno tangu kwenye ndege. Haki ya mtu ni kujua kwamba alipendwa. Baada ya hapo, shauri lake.

Duka lilikuwa limepanuliwa. Mwanamke mdogo, mtoto amembeba mgongoni, alikuwa anafuta vioo kwa gazeti.

"Karibu, dada. Ni fremu au kioo?"

"Namtafuta fundi."

"Baba nanii," mwanamke akaita kuelekea nyuma, "una mgeni." Kisha akamsogezea Mhispania kiti, akakifuta kwanza kwa kanga yake. "Keti, dada, umetembea na jua. Hiyo blauzi imeshonwa vizuri. Mkono huo naujua, ndio ulionishonea nguo ya harusi."

"Ni mama yangu."

"Kumbe. Basi nisalimie sana. Aliifumua shingo mara tatu, nikamwambia mama inatosha, akakataa."

Fundi akatokea, penseli sikioni. Alisimama. Mkewe akawatazama mara moja, mmoja baada ya mwingine, akasema mtoto anasinzia, akapita nyuma ya pazia. Haikuchukua muda wakasikia anambembeleza kwa sauti ya chini.

"Umerudi, Mhispania."

"Nimerudi. Hongera kwa mtoto."

"Asante. Hajambo mama?"

"Hajambo."

Fundi aliichukua penseli, akaigeuzageuza.

"Nikuulize kitu kimoja, halafu tusikirudie. Lile neno. Simu iliniambia ni kuvunjika moyo. Nikasema labda simu inakosea, nikakupigia, ukaniambia una hakika. Basi nikakubali. Lakini kuna siku napiga msumari linanijia, nakosa msumari. Hata ndani humu," akaonyesha pazia kwa kidevu, "ananiuliza mbona umenyamaza, sina la kumwambia. Hivi kweli mimi nilikuwa hivyo kwako?"

Maneno yalikuwa tayari ulimini. Aliyafungulia mdomo. Wewe ndiye mtu pekee, angeanza hivyo. Nyuma ya pazia mwanamke alikuwa amefika mahali pa wimbo asipopakumbuka, akawa anapavusha kwa mluzi. Mhispania alimtazama Fundi usoni, akaona kwamba akiambiwa, ataamini. Ataamini lote. Na kuanzia leo kila atakapomwangalia yule aliyekifuta kiti, atakuwa anamtafuta mwingine nyuma yake.

"Nilikosea," akasema.

"Ulikosea kuniandikia?"

"Nilikosea neno. Kihispania changu kilikuwa cha vitabu tu. Nilitaka kuandika asante."

"Asante?"

"Asante, kwa ajili ya mama. Kwa jinsi ulivyonisema getini nikaacha kumficha. Nilitaka uwe na kumbukumbu yake kabla sijaondoka, tuagane vizuri. Nikachukua neno silo."

Fundi aliiweka penseli mezani. Mabega yake yakashuka kidogokidogo, kama mtu anayetuliwa mzigo na watu wawili. Akaanza kucheka bila sauti, kiganja usoni, na kiganja kilipotoka kilikuwa na maji.

"Miaka miwili, Mhispania. Miaka miwili nimebeba kosa la mwanafunzi."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe zamani. Ila ilikuwa inauma hapa."

"Na sasa?"

Alifikiri, kwa uaminifu wake wote. "Sasa haiumi. Kwa hiyo jibu lilikuwa nisikungoje."

"Ndiyo."

"Sawa. Afadhali nimejua."

Walipeana mkono juu ya meza ya kazi. Mwanamke alitoka nyuma ya pazia kumsindikiza hadi mlangoni, akamwambia asipotee.

Mama alikuwa kwenye cherehani. Hakuacha kukanyaga alipomwona binti akiingia, akavua viatu, akaketi sakafuni kati ya vitambaa na kuegemeza kichwa kwenye goti lake. Ndipo akaacha.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kwa Kihispania chako?"

"Hapana, mama. Kwa lugha yetu. Ameelewa kila neno."